Vidole Pembeni mwa Shuka

Mama mmoja muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, aliiweka foto yake mezani pangu, akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikanifikia. "Juu ya nini umenitosha mweusi hivi?" akaniuliza. Tulikuwa Mubi, mashariki mwa Kongo, mwaka 2005, mbele ya kibanda changu cha mbao kando ya barabara itokayo Walikale kwenda Lubutu na Kisangani. Niliitazama. Kitenge kilikuwa kimetoka vizuri, ua kwa ua. Shuka nyeupe iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imegeuka rangi ya jivu. Usoni palikuwa na giza, na ndani ya giza macho mawili na meno. Nikamjibu nilivyozoea kuwajibu wateja: "Mama, ni labo ya Goma hiyo. Mimi nilikupiga muzuri." Akafungua pindo la kitenge, akanihesabia nusu ya malipo iliyobaki, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaondoka na foto ambayo hakujiona ndani yake.

Jibu lile nilimpa yeye na nikawapa wengi. Imepita miaka zaidi ya 15 ndipo nikajua kwamba lilikuwa nusu tu ya ukweli.

Mubi ya siku zile ilikuwa imefura watu. Tangu kasiterite, yale mawe ya bati, ilipoonekana Bisie mnamo 2002, vijana walimiminika kutoka Goma, Bukavu, Butembo na Kisangani. Bisie iko ndani kabisa ya pori. Gari halikufika, kulikuwa na njia ya miguu kutokea upande wa Njingala, safari ya siku moja kwa mwenye mapafu na siku mbili kwa mwingine. Kila kitu kiliingia kwa mgongo: chumvi, bia, mchele, godoro. Kila jiwe lilitoka kwa mgongo vilevile, gunia la kilo 50 kwa mtu mmoja. Kijana aliyetoka huko na pesa alipitia kwetu. Akishaoga na kula alitafuta shati jipya, na akishavaa shati alinitafuta mimi. Alitaka mama yake aliyeko mbali aone kwamba yu hai, tena amenenepa.

Nilikuwa na Yashica moja ya kusogeza pelikule kwa kidole gumba, flashi iliyomaliza mapile manne kwa siku mbili, na shuka. Pelikule zikifika tatu au nne nazifunga kwa plastiki, naandika karatasi, napanda pikipiki mpaka Kilambo. Kilambo hapakuwa na uwanja wa ndege. Palikuwa na kipande cha barabara ya lami. Askari wanasimamisha pikipiki na magari pande zote mbili, ndege inashuka barabarani, inamwaga bia na sabuni, inapakia magunia ya kasiterite, inageuka na kupaa kurudi Goma, na kabla vumbi halijatulia nyingine imeshasikika. Bahasha yangu ilisafiri kati ya magunia hayo. Kule labo, mashine inaosha pelikule ya rangi katika dawa yenye joto la nyuzi 37.8 kwa dakika 3 na sekunde 15, kisha dawa nyingine, kisha maji, na foto zinatoka. Ni kazi ya saa moja. Sisi tuliingoja wiki mbili, na mvua ikikaza wiki tatu.

Wiki hizo zilikuwa sehemu ya foto yenyewe, na hili kijana wa leo halipati hata nikimweleza namna gani. Mtu alipiga pozi Jumatatu akiwa na pesa. Foto iliporudi alikuwa ameshafilisika, au ameoa, au amerudi Bisie. Wengine hawakuja tena kuchukua. Foto zao nilizitia katika katoni chini ya meza, nikizigeuza kila juma zisishikane kwa unyevu, na kila mara nikiona uso mmoja najiambia atakuja tu. Mchwa ndio waliokuja.

Pelikule ilikuwa na pozi 36. Ukiifunga kivulini, taratibu, bila kupoteza mwanzo wake, unapata 37, na mwenye mkono mwepesi anapata 38. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi. Pozi moja ilikuwa dola moja, na kwa hiyo kila kitu ambacho hakikuwa na dola moja sikukiona. Kila alasiri wabebaji walipita mbele ya mlango wangu wakitoka pori, kamba ya gunia imepita kwenye paji la uso, shingo zimekaza kama mizizi. Sikuwapiga hata mara moja. Sikupiga ndege ikigusa lami ya Kilambo. Sikupiga soko la Mubi siku ya soko, wala mlango wa kibanda changu mwenyewe wenye maandishi mekundu niliyoyachora kwa wiki nzima. Mji ule ulikuwa mbele yangu miaka saba nikiwa na kamera shingoni, na nilichopiga ni watu waliosimama mbele ya shuka.

Shuka yenyewe ina habari yake. Ncha moja niliipigilia kwenye nguzo ya kibanda. Ncha ya pili ilishikwa na mtoto wa jirani, kijana wa miaka kama 13 hivi tulipoanza, aliyekuja baada ya shule na baadaye, karo iliposhindikana, akawa anakuja tangu asubuhi. Alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu, akiivuta shuka isipige mikunjo. Nilimpa chakula na kidogo cha mfukoni. Alijua kazi. Mteja akikunja uso, yeye ndiye aliyemchekesha, akiwa kule nyuma ya shuka, kwa sauti ya bibi mzee wa Kinyanga anayemtafuta kuku wake. Mimi nilihesabu moja, mbili, na kabla ya tatu mteja ameshacheka, nami nimeshabonyeza.

Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011, ila kwa biashara ndogo kama yangu miezi sita ni mingi. Ndege ziliacha kushuka Kilambo. Wachimbaji waliondoka, wanegosia, wale wanunuzi wa mawe, wakafunga, walioishi kwa kuwapikia na kuwashonea wakawafuata. Na hata bila hilo, simu zenye kamera zilikuwa zimeshafika. Nilifunga kibanda, nikachukua kamera, daftari na makopo manne ya maziwa ya Nido yaliyojaa negativu, nikapanda lori. Shuka niliiacha. Goma nimefundisha shule ya msingi tangu hapo. Januari 2012 Kodak yenyewe ilikimbilia mahakamani kujikinga na wanaoidai, nami nikasoma habari hiyo nikiwa na chaki mkononi, nikahisi kama nimesikia msiba wa ukoo.

Makopo yalikaa juu ya kabati mpaka nilipopata skana. Ni Epson ya mkono wa pili, imetoka Kampala ndani ya gunia la nguo, yenye taa katika kifuniko, maana skana ya karatasi haiwezi kupenya negativu. Kazi hii naifanya usiku, umeme ukiwapo, wala hakuna anayenilipa. Mke wangu huita makopo yale "watu wako". "Leo umewaamsha watu wako?" ananiuliza akiona taa.

Kopo la kwanza lilipofunguka lilitoa harufu ya siki. Unyevu wa Walikale huingia popote, na utandu unaobeba picha kwenye pelikule umetengenezwa kwa jelatini, inayochemshwa kutoka mifupa na ngozi za wanyama, kwa hiyo kuvu wanaona chakula. Baadhi ya vipande vilikuwa vimeota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Vingine vilishikana, nikaviloweka katika maji safi yaliyochemshwa na kupoa, nikingoja viachane vyenyewe, kwa kuwa ukivivuta unang'oa uso wa mtu. Nakausha kwenye kamba bafuni. Napangusa kwa brashi laini. Naweka vipande viwili katika fremu ya plastiki, nafunga kifuniko, na skana inaanza kunung'unika. Kwa nukta 2400 kwa inchi, kipicha cha milimita 36 kwa 24 kinakuwa na nukta zaidi ya milioni saba na nusu. Dakika kadhaa kwa pozi moja. Wengi huchoka hapa. Mimi nimezoea kungoja.

Negativu ya rangi ukiishika mbele ya taa ina rangi ya chungwa, na watu wetu ndani yake wanaonekana weupe wa kibuluu, meno meusi, nguo zimegeuka rangi za kinyume. Kompyuta inapogeuza, kuna nusu dakika ambayo kioo ni cheusi, kisha mtu anatokea. Yule mama wa chikwange alitokea usiku wa pili. Nilimjua kwa kitenge. Na alikuwa na uso. Alikuwa na vishimo viwili mashavuni, kovu dogo juu ya nyusi, na alama za kuchoka chini ya macho ambazo unga wa poda ulijaribu kuzifunika. Ngozi yake ilikuwa kahawia yenye mng'aro mwekundu, kama mawese kwenye mwanga. Yote hayo yalikuwamo katika negativu tangu siku ile. Hakuna kilichopotea isipokuwa katika kile nilichomuuzia.

Nilikaa nikatafuta sababu, na sababu haikuwa ngumu. Mashine ya labo hupima mwanga wa picha nzima, ikatafuta wastani. Shuka nyeupe ikijaa nyuma ya mtu, mashine inadhani picha nzima imezidi mwanga, inaikandamiza. Shuka inakuwa jivu na uso mweusi unazama. Mwendeshaji anayejali anarekebisha mwanga kwa mkono, uso mmoja baada ya mwingine. Asiyejali anaacha mashine iende. Tena mashine zenyewe zilikuja zimefundishwa sura nyingine: kwa miaka mingi Kodak ilizipelekea labo za dunia kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa kwanza aliyepigwa. Rangi ya Shirley ikikaa sawa, foto imekaa sawa. Mama zetu walipimwa kwa ngozi hiyo.

Hiyo ndiyo nusu ya labo. Nusu yangu ni shuka. Niliichagua nyeupe kwa kuwa niliiona nyeupe katika studio moja ya mjini, nikaona ni usafi, ni maendeleo. Ningetundika kitenge cheusi, au turubai la kijani, au ningewageuza tu wateja wawe na ukuta wa mbao nyuma yao, nyuso zao zingetoka. Watu walikuja kulalamika kwangu miaka saba, nami sikujaribu hata mara moja kubadili kitu cha nyuma. Ninaowaona usiku kwenye kioo wakiwa na mashavu, vipele, kope na vinyweleo vya kwanza vya ndevu, wengi wao walirudi kwao au walirudi Bisie wakiwa wamebeba mfukoni kivuli chenye meno.

Kuna mpiga picha kutoka Ireland, Richard Mosse, aliyekuja Kivu hizi hizi kuanzia 2010, mwaka ule ule niliofunga. Alitumia pelikule iitwayo Aerochrome, ambayo Kodak iliitengeneza kwa kazi za kijeshi na ilikuwa imeshaacha kuitoa. Pelikule hiyo inaona mwanga usioonekana na jicho, ule ulio ng'ambo ya wekundu, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi. Askari aliyejifunika kwa turubai la kijani hubaki giza wakati pori zima linageuka waridi. Milima ya Masisi katika picha zake ina rangi ya ua la waridi. Kazi yake, The Enclave, ilioneshwa Venice mwaka 2013 na dunia ikaistaajabia. Nimezitazama picha hizo mara nyingi. Ni nzuri, na nakubali sababu yake ya kuzifanya hivyo: watu walikuwa wameacha kuitazama vita yetu. Lakini kijani cha Walikale nakijua, na kinaniuma kuona kwamba kilibidi kibadilishwe ndipo kitazamwe. Na wakati yeye anapiga kwa pelikule adimu kuliko zote, mimi niliyekuwa na pelikule za dola chache na kijani hicho mlangoni, nilikifunika kwa shuka.

Mwanga ule ule usioonekana umo ndani ya skana yangu. Rangi za negativu zinaupitisha, vumbi na mikwaruzo vinauzuia, kwa hiyo mashine inajua lipi ni vumbi na lipi ni mtu, inaziba palipochafuka. Kwa pelikule nyeusi na nyeupe haifanyi kazi, maana fedha iliyomo ndani yake nayo inauzuia, na mashine itadhani hata mtu mwenyewe ni uchafu. Nilijifunza hili kwa pelikule moja ya harusi iliyorudi na bibi harusi asiye na nyusi.

Mpaka sasa nimeskani pozi zaidi ya 1,100. Zisizo na jina ni karibu zote. Daftari nililokuja nalo ni la madeni: aliyelipa taslimu sikumwandika, aliyekopa nilimwandika. "Fundi wa baiskeli, foto 2, bado." "Mwalimu wa Kikano mwenye miwani, foto 1, nusu." "Mke wa mwenye mashine ya mpunga, foto 3." Kwa hiyo ninaoweza kuwatambua ni wadaiwa wangu peke yao, na waliokuwa waaminifu wamenipotea wote. Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit, ambako mji umejikuta umehifadhiwa ndani ya duka moja, baba kwa mwana. Nikifikiria hilo naona wivu wa kweli. Mubi haikuwa na duka la namna hiyo. Ilikuwa na mimi.

Bado napiga pelikule, moja kwa miezi miwili au mitatu, nyeusi na nyeupe, nikiletewa na wasafiri. Naiosha mwenyewe bafuni kwa nyuzi 20. Napima mwanga usoni, karibu kabisa, kisha narudi nyuma. Jina naliandika kabla ya kubonyeza, pamoja na jina la baba na mahali. Wanafunzi wangu hunicheka: Mwalimu, unapiga foto au unaandika kitambulisho?

Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale-centre tarehe 19, jamaa zangu wa Mubi waliniandikia wamefunga mizigo. Mwanzoni mwa Aprili waasi waliondoka Walikale na wao wakarudi majumbani. Niliuliza nani alibeba foto. Hakuna aliyebeba. Mtu akikimbia hubeba mtoto, sufuria na unga. Ndipo nikaanza kutuma kwa simu nilichonacho, uso mmoja mmoja, nikiomba waulizane sokoni: huyu ni nani, yuko wapi, ana mtoto? Majibu yanakuja polepole. Mama wa chikwange alishafariki, lakini binti yake anauza palepale. Aliitazama picha hiyo, nikaambiwa, akakaa chini.

Sasa naja kwenye jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Labo ilipotoa foto ilikata kingo kidogo, kwa hiyo kilichokuwa pembeni kabisa hakikufika kwenye karatasi. Skana haikati. Inanipa pozi yote mpaka kwenye matundu ya pelikule. Na juu, upande wa kulia, katika pozi nyingi kati ya zile 1,100, kuna vidole vinne vimeshika ncha ya shuka. Vinaanza vidogo. Mwaka 2004 ni vidole vya mtoto, kucha zimetafunwa. Mwaka 2006 kimoja kimefungwa kitambaa, nakumbuka, alijikata na panga. Mwaka 2007 vimekuwa virefu, vya mwanamume.

Mwaka 2008 vinakoma. Alikuwa ameniambia anakwenda Bisie kubeba, kwa sababu kilo 50 zilimpa kwa safari moja zaidi ya nilichompa kwa mwezi. Sikuwa na cha kumbakiza. Alienda akarudi, akaenda akarudi, mara ya tatu hakurudi, na mwili haukuletwa. Mama yake alikuja kibandani wiki hiyo hiyo. Aliniuliza kama nina foto ya mwanawe. Miaka minne alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye kamera yangu, na sikuwahi kumwambia apite mbele ya shuka. Nilimjibu, "Hapana, Mama." Hakunilaumu. Alisimama pale akiitazama ile ndoo iliyopinduliwa.

Mwaka jana, katika kopo la nne, nilikuta pozi niliyoihesabu hasara: upepo umeipiga shuka, mteja amefumba macho. Labo haikuitoa. Ncha ya shuka imepinduka, na nyuma yake kuna paji la uso, jicho moja na nusu ya mdomo uliofunguka katikati ya sauti ya bibi mtafuta kuku. Havijakaa sawa, umbali haukuwa wake. Nilikuza mpaka vikawa chembe za rangi, nikarudisha nyuma mpaka vikawa mtu. Niliondoa vumbi kwa mkono, bila kuiachia mashine, nikaituma kwa mama yake kule Mubi, kwa simu ya shemeji yake. Siku mbili hapakuja jibu. Ya tatu alinitumia sauti, fupi, na nyuma yake jogoo anawika.

"Njo yeye," alisema. "Njo yeye, papa. Iko anacheka na nani?"